Anayeingia Aseme Kwanza

Kahama,
14 Februari 1992

Kwa binti yangu Mukeshimana,

Nakusalimu wewe kwanza kwa kuwa ndiwe utakayeifungua barua hii. Kisha nawasalimu baba yako Nasiri, aliye mdogo wangu, na mdogo wako Shami. Mimi ni mzima. Miguu inaniuma nyakati za mvua, lakini hilo si jambo la kuandikiana barua. Mpunga wa mwaka huu ni mzuri. Nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu nimeiezeka upya kwa bati, na tangu nistaafu ualimu nawafundisha watoto wa jirani kusoma hapa barazani, bila malipo na bila mzaha.

Sasa nisikilize. Tangu Idi ya mwaka jana sijapata hata mstari mmoja wa mkono wa Nasiri. Salvator, dereva wa lori anayetubebea barua zetu, ameniambia kwamba alipopita kwenu Muhima aliikuta cherehani ya baba yako imefunikwa, na siku ilikuwa ya kazi. Nilipomwuliza sababu, akaanza kunieleza habari za matairi.

Mama yenu alipofariki nilisema, na leo narudia: nipeni Shami nimlee. Ana miaka minane, umri wa kusoma. Katika ukoo wetu shangazi kumchukua mtoto wa ndugu yake si jambo geni. Wewe mwenyewe ulikaa kwangu utotoni, na mwandiko wako huo ulitoka barazani kwangu. Nijibu kwa utaratibu niliokufundisha: salamu za kila mtu wa nyumba, kuanzia mkubwa hadi mdogo, ndipo habari.

Shangazi yako,
Zaituni


Muhima, Kigali,
29 Machi 1992

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Baba anakusalimu sana. Mimi nakusalimu. Shami anakusalimu, na anauliza kama bati lako hupiga kelele mvua ikinyesha. Tumo katika mfungo. Jirani yetu Vestine, ingawa ni Mkristo, hutuletea viazi vitamu wakati wa kufuturu, naye huketi kututazama tukila kana kwamba ndiye aliyefunga. Mjini si kuzuri. Tangu vita vianze huko kaskazini, barabara hufungwa mapema, na mtu huulizwa kitambulisho hata akienda kununua chumvi.

Baba hajaandika kwa sababu ana homa. Inakuja na kuondoka. Ikimshika, mikono hutetemeka asiweze kutunga uzi, ndiyo maana cherehani hufunikwa. Ikimwacha hushona kama zamani, na watu wa Muhima bado wanasema hakuna fundi mwenye mshono ulionyooka kama wake.

Kuhusu Shami, nakuomba usikasirike. Hawezi kuja sasa. Jioni yeye ndiye anayemleta baba nyumbani kutoka kwa marafiki zake. Askari wa vizuizini hawamsumbui mtu aliyeshikwa mkono na mtoto. Tena baba humsikiliza yeye kuliko mimi.

Mtoto wako,
Mukeshimana


Kahama,
3 Mei 1992

Binti yangu,

Nawasalimu nyote kwa utaratibu ule ule. Hapa ni wazima, ila mbuzi wa jirani amekula kurasa za kamusi yangu, kuanzia herufi M, na mwenye mbuzi amenicheka badala ya kuniomba radhi.

Nimefundisha somo la afya miaka thelathini. Homa inayomshika mtu jioni na kumwacha asubuhi, isiyomzuia kwenda kwa marafiki bali inayomzuia kurudi, sijaikuta katika kitabu chochote. Hata hivyo nakutumia majani ya mwarobaini yaliyokaushwa. Yachemshe, ni machungu sana. Kama ni homa, yatamsaidia. Kama si homa, uniambie.

Sitaliandika mimi neno ambalo wewe hutaki kuliandika. Lakini mtoto wa miaka minane hapaswi kuwa fimbo ya mtu mzima. Nakuomba tena: nipe Shami.

Shangazi yako,
Zaituni


Muhima,
20 Agosti 1992

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Baba anakusalimu, na anashukuru kwa majani. Mimi nakusalimu. Shami anakusalimu. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zilikuwa nyingi.

Mteja wetu mmoja wa Kinyinya, Mama Mukarugwiza, alileta kitambaa cheupe cha gauni la harusi ya binti yake. Baba alikikata siku ambayo homa ilikuwa haijamwacha vizuri. Mama huyo alipokuja kulichukua, gauni lilikuwa na mikono miwili ya kushoto. Akaliinua juu mbele ya kila mtu: "Nasiri! Mwanangu nimemzaa mwenyewe, namjua. Huyu uliyemshonea ni nani?" Veranda nzima ikacheka. Baba naye akacheka, akacheka kuliko wote, na mimi nikaingia ndani kwa sababu nakijua kicheko kile kinaishia wapi.

Tangu siku hiyo ninakata mimi, na baba hushona inapowezekana.

Shami alianguka, akaumia mkono wa kushoto. Umefungwa plasta, na unaendelea vizuri. Ameacha kuimba, lakini nadhani ni kwa sababu ya joto.

Kuhusu kuja kwake, baba amesema tungoje.

Mtoto wako,
Mukeshimana


Kahama,
11 Septemba 1992

Mukeshimana,

Nawasalimu nyote.

Alianguka kutoka wapi?

Salvator atapita Muhima mwezi wa Novemba akielekea huku, na mkewe atakuwa naye safarini. Wamekubali kumleta mtoto. Kama Nasiri anakataa, aniandikie mwenyewe, kwa mkono wake, kwamba anakataa. Kukataa kutakakotoka katika kalamu yako sitakupokea.

Shangazi yako


Muhima,
22 Novemba 1992

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Baba anakusalimu. Mimi nakusalimu. Shami hakusalimu kwa barua, kwa sababu ndiye anayekukabidhi barua hii.

Nilipomwambia baba kwamba Shami anakwenda kusoma kwako, aliuliza tu siku ya safari. Kesho yake alifunua cherehani mapema, na siku ile hakutoka, wala iliyofuata. Gatera, mwenye kabare, yaani kilabu, ambako marafiki zake hukaa, alimtuma mtu kuuliza: "Muzee iko mugonjwa?" Baba akajibu, "Mwambie Gatera nilikuwa mgonjwa. Leo nimepona."

Alimshonea gauni la samawati lenye mifuko. Hilo analolivaa. Itazame mishono yake kwa ndani, Shangazi, utamkumbuka Nasiri wako. Alimvalisha mwenyewe, akapiga goti kumfunga vifungo. Mikono ilikuwa ikitetemeka, lakini alivifunga vyote.

Lori lilipoondoka alisimama barabarani kidogo, kisha akashika njia ya kwa Gatera. Sikumzuia.

Nakuomba mambo machache. Usimfungie mlango kwa ndani. Hataomba chakula, mpe tu. Akinyamaza, usimwulize sana.

Mtoto wako,
Mukeshimana


Kahama,
17 Januari 1993

Binti yangu Mukeshimana,

Nawasalimu, wewe na Nasiri. Shami anawasalimu. Amenenepa kidogo, mkono umepona, na shuleni anasoma kuliko waliomtangulia. Hayo ndiyo mema.

Sasa mabaya. Mtoto huyu hana salamu. Narudi kutoka sokoni, naingia, natua kikapu, naita, kimya. Nikianza kusema na jirani dirishani, au kujisemea mwenyewe, ndipo anapotokea nyuma ya mlango, na alikuwapo muda wote, na kusema "Shikamoo, Shangazi" kama mtu aliyefika sasa hivi. Juzi alikuja sheikh wa msikiti wetu, mtu wa mvi. Shami alisimama nyuma ya pazia, akamwacha mzee wa watu akikohoa na kutazama dari mpaka alipoanza kuzungumza. "Bi Zaituni," sheikh akaniambia, "huyu ni mtoto au ni mpelelezi?" Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilimchapa fimbo mbili za kiganja, kwenye mkono mzima. Hakulia. Alikuwa akinitazama mdomo.

Kuna mengine. Jua likizama, mkasi wangu hupotea pamoja na kisu cha jikoni. Asubuhi navikuta ndani ya pipa la mchele. Analala na viatu. Siki yangu ya kachumbari ameimwaga yote uani. Nimemwuliza sababu, anasema, "Sijui."

Mtoto wa nyumba yetu kutomsalimu mkubwa! Nani amemlea hivi? Mwambie Nasiri amwandikie mwanawe amwonye.

Shangazi yako,
Zaituni


Muhima,
9 Machi 1993

Shangazi, shikamoo.

Safari hii naanza na jambo, salamu zitafuata. Nakuomba usimchape tena. Nilimfundisha mimi.

Baba anakunywa pombe. Sasa nimeliandika. Alianza mama alipofariki, kwa siri, kwa kuwaonea haya watu wa msikitini. Siku hizi hana siri. Anakunywa urwagwa, pombe ya ndizi, kwa Gatera, akipokezana mrija na watu ambao zamani hakuwa akiketi nao. Hakuna homa. Majani yako niliyachemsha, nikayanywa mimi.

Zamani Shami alikuwa na adabu hiyo unayoitaka. Siku ambazo hakwenda kumleta baba, akisikia hatua zake alikimbia mlangoni, "Shikamoo, baba!" kabla kitasa hakijazunguka. Jioni ya siku ile ya gauni lenye mikono miwili ya kushoto, alikimbia vivyo hivyo. Baba alisukuma mlango kwa bega. Akamshika mkono, akamwambia, "Na wewe umekuja kunicheka?" Akamrusha kando kama kipande cha kitambaa. Niliusikia mfupa.

Asubuhi yake alimbeba mgongoni hadi hospitali, akilia njia nzima, akimwambia kila aliyetutazama kwamba mtoto ameanguka. Kwa daktari, Shami naye akasema ameanguka. Mimi pia. Nilipokuandikia wewe nilikuwa nimekwisha kuzoea kulisema.

Ndipo nikamfundisha. Nilimwambia: usitoke mpaka uisikie sauti. Akiingia anaimba, ngoja. Akilitaja jina la mama, usipumue. Akisema kwa sauti yake ya kazini, hata neno moja, hata "maji" tu, basi toka umsalimu. Mkasi na visu nilivitia ndani ya mchele kwa sababu kuvitoa humo kunachukua muda na kunasikika. Viatu ni vya kukimbilia kwa Vestine. Siki ina harufu kama ya pombe ya baba. Sikujua kwamba yote hayo angekuja nayo kwako. Nilidhani yangebaki katika nyumba hii, kama vyombo.

Huku watu waliokimbia vita wamejaa pembezoni mwa mji, wakilala chini ya majani na plastiki. Naogopa, lakini woga wa nje una majirani. Wa ndani hauna.

Na sasa salamu. Baba hakusalimu, Shangazi. Hajakusalimu hata mara moja. Salamu zote za baba nilizoandika zilikuwa zangu. Ulinifundisha kwamba barua isiyo na salamu za mkubwa wa nyumba haina kichwa, nami niliona aibu kukutumia kiwiliwili.

Mukeshimana


Kahama,
2 Mei 1993

Mwanangu Mukeshimana,

Nimezipokea salamu zako, za sasa na za zamani. Zote ni zako na zote nazirudisha kwako.

Siku niliyoisoma barua yako nilitoka nje, nikauvuta mlango, nikasimama uani kwangu kama mgeni. Kisha nikasema kwa sauti: "Assalamu alaikum. Ni mimi, Zaituni. Natoka sokoni. Nimechoka, lakini sina hasira na mtu." Jirani, yule mwenye mbuzi, alichungulia juu ya ua. "Mwalimu, unasema na nani?" Nikamjibu, "Na mwenye nyumba." Kisha nikasikia kutoka nyuma ya mlango: "Wa alaikumu salaam. Shikamoo, Shangazi."

Hiyo ndiyo sheria ya nyumba hii tangu siku ile: anayeingia aseme kwanza, hata awe na mvi. Nimetafakari, nikaona kwamba dini yetu imetuamuru hivyo tangu mwanzo, mwenye kuingia ndiye atoe salamu. Sisi watu wazima ndio tuliopenda kukimbiliwa. Sheikh nilimweleza bila kumweleza. Alinuna siku mbili tatu. Sasa husema tangu barabarani, "Mtoto, ni mimi, yule mzee wa kikohozi!" na Shami hucheka kabla ya kutoka.

Mkasi nimemwachia autunze yeye. Viatu anavyo miguuni bado.

Neno jingine. Nyumba ya babu yako kule Muhima ilikuwa na mlango mzito wa mbao, unaofunguka kwa ndani. Nyuma yake palikuwa na nafasi ya watoto wawili, iwapo mmoja ni mdogo na amebebwa. Babu yako naye alikuwa na homa zake. Nasiri hakuwa mzito. Sitaandika zaidi ya hapo.

Sasa nakuuliza wewe: nani yuko nyuma ya mlango huko, baada ya Shami kuondoka? Njoo. Ninyi ni wawili niliowaomba, hata kama kalamu yangu ilimtaja mmoja.

Shangazi yako,
Zaituni


Muhima,
10 Oktoba 1993

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Mimi nakusalimu. Vestine anakusalimu, ameniambia nikuandikie hivyo ingawa hamjuani. Nimekaa muda bila kuandika. Mwezi wa Agosti mapatano ya kumaliza vita yalipotiwa saini watu walicheza barabarani, na baba akakaa nyumbani wiki nzima akishona sare za shule. Nilitaka kukuandikia habari hiyo. Kabla sijaandika ikawa imepita. Watu nao wamerudia kunong'ona.

Siwezi kuja. Nikiondoka, nani atamtoa kwa Gatera? Sasa naenda mimi. Wamenizoea. "Bibi harusi amefika!" husema Gatera. "Nasiri, simama, mutu yako iko hapa." Nami husimama mlangoni, uso chini, mpaka aumalize mrija wake.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Tangu Shami aondoke, baba hafungui mlango. Tukifika hunitanguliza niingie ndani, nami nikifunga, husimama nje na kubisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Nikimfungulia, haingii. "Si wewe," husema. "Mbona yeye hanisalimu?" Jioni moja mvua ilikuwa kubwa, naye amesimama hapo nje, maji yakimtiririka machoni, nami nilikuwa nimechoka. Nilikwenda nyuma ya mlango, nikainama hadi kimo cha Shami, nikasema kwa sauti yake: "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, kwa sauti ya kazini. Akaingia, akalala, wala hakuvunja kitu.

Tangu hapo nafanya hivyo kila jioni. Nyumba imetulia. Lakini wiki iliyopita alitangulia kurudi bila mimi. Nilikuwa uani nikianua nguo, nikamsikia amefika mlangoni. Nikakimbia. Kabla sijaingia ndani nikamsikia akiitikia, "Marahaba, mwanangu."

Shangazi, mimi sikuwa nimesema kitu. Na Vestine hakuwapo.

Mukeshimana


Kahama,
20 Februari 1994

Mwanangu Mukeshimana,

Nakusalimu katika mwezi huu wa mfungo. Shami anakusalimu. Amefunga siku kadhaa kwa kujitakia, na adhuhuri huenda kuutazama mtungi wa maji bila kuugusa.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyopenda. Nakukataza jambo moja, na nakukataza kama nilivyokuwa nikikukataza barazani. Usiseme tena kwa sauti ya Shami. Shami yu hai, ana sauti yake, na ameanza kuitumia. Ukimwigiza mtoto aliye hai kana kwamba hayupo, nyumba itaamini, na wewe utaamini.

Sikiliza hili. Alhamisi nilikuwa narudi kutoka kisimani, bado niko barabarani, sijafungua mdomo. Mlango ukafunguka. Shami akatoka mbio, peku, mikono juu: "Shikamoo, Shangazi!" Jirani akasema, "Leo umekimbiliwa, Mwalimu." Nilitua ndoo chini. Kisha nikaitikia. Nilimkemea pia kwa kutoka bila viatu, lakini si sana.

Nilimwuliza kama ana neno la kumpelekea baba yake. Sikumlazimisha. Alifikiri mpaka uji wa futari ukapoa. "Mwambie shikamoo," alisema. Kisha akaongeza, "Lakini mwambie akiwa amekaa."

Mpelekee Nasiri salamu hiyo akiwa na sauti yake ya kazini. Kisha funga mzigo wako. Salvator atakuwa Kigali baada ya Idi. Si wewe unayemshikilia ndugu yangu asianguke. Unaanguka naye.

Shangazi yako,
Zaituni


Muhima,
27 Machi 1994

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Nilimsomea siku ya pili ya Idi, asubuhi. Alikuwa amekaa kwenye cherehani, mguu juu ya kikanyagio. Nilimsomea kama ulivyoandika, pamoja na hilo neno la kukaa.

Akaondoa mguu kwenye kikanyagio, akauliza, "Amesema mwenyewe?"

"Mwenyewe, baba."

"Hukumwigiza?"

Nikajua kwamba alikuwa akijua siku zote. Akasema, "Sikukukasirikia. Nilikuwa nahitaji kuitikia." Akaomba kalamu.

Sikuambii kwamba amepona. Juzi alikwenda tena kwa Gatera. Lakini nilikataa kumfuata, akarudi mwenyewe, na alipofika nje hakubisha hodi. Alisema: "Ni mimi. Nimekunywa. Kaa huko huko ndani." Nilikaa. Akalala verandani, chini ya meza ya kukatia. Katika maisha yangu yote hakuwahi kutuonya.

Nitakuja, Shangazi. Salvator anaondoka hapa Ijumaa, tarehe 8 Aprili. Baba mwenyewe ndiye aliyesema niende. Vestine atamtazama, na amesema baba akilewa atamwimbia nyimbo za kanisani mpaka aache. Baba anamshonea Shami gauni jingine, kubwa zaidi, amelikata kwa kukisia. Mkono mmoja tayari umeingia, na ni wa kulia, nimeuangalia. Nitakuja nalo.

Na sasa, kwa utaratibu ulionifundisha, salamu za mkubwa wa nyumba. Mstari huu wa chini si mwandiko wangu.

Mukeshimana

Dada, shikamoo. Shami, marahaba mwanangu. Nasiri


Kahama,
3 Julai 1994

Mwanangu Mukeshimana,

Nakusalimu. Namsalimu Nasiri. Shami anawasalimu.

Sijui nani ataibeba barua hii. Ile ya Aprili posta wamenirudishia. Salvator hajapita, wala mkewe hana habari zake.

Nilikwenda Ngara, katika kambi ya watu waliovuka mpaka wa Rusumo, nikazunguka kwa miguu yangu hii nikiuliza habari za fundi wa Muhima na binti yake. Watu ni wengi mno. Mmoja aliniambia kwamba aliiona cherehani imesimama katikati ya barabara, na kitambaa kikiwa bado chini ya sindano. Nilimwuliza rangi ya kitambaa. Hakukumbuka. Muhima ina cherehani nyingi. Shami sijamwambia.

Mstari wa baba yake tumeukata kwa mkasi, na ameutia katika mfuko wa lile gauni la samawati, ambalo sasa halimwenei. Jioni amerudia kusimama nyuma ya mlango. Nilipomwona hapo nilidhani kazi yote imeharibika. Nikasema, "Ni mimi, Shami, nimo ndani tayari. Unamsikiliza nani?"

"Nangoja waseme," alinijibu. "Wakisema tu, natoka."

Nilimwuliza kama atamsalimu baba yake akiwa amekaa tu, kama alivyotaka. Akasema, "Hata akiwa amesimama."

Kwa hiyo mkifika msisimame nje mkiona haya, hata iwe saa gani, hata ikiwa Nasiri amekunywa. Mlango hatuufungi kwa ndani. Semeni kwanza. Neno lolote, hata "maji" tu.

Shangazi yako,
Zaituni